Siasa Haikuwasubiri Wakue

Mhakiki anadai kwamba riwaya za vijana kuhusu maandamano ya kupinga vita vya Vietnam huharibu hadithi ya kukua kwa kuitwisha siasa, mambo ya wakubwa. Wakubwa gani? Desemba 1969 serikali ya Marekani ilichezesha bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa kupanga nani atangulie jeshini. Kijana wa miaka 19 aliweza kupelekwa vitani, ila kupiga kura, katika majimbo mengi, alisubiri afikishe 21, hadi Katiba iliporekebishwa 1971. Hapo kukua na siasa utavitenganishaje?

Dai lake la ajabu zaidi ni kwamba mhusika wa miaka 13 anayepinga vita haaminiki. Masikini, hajasikia habari za Mary Beth Tinker, aliyesimamishwa shule huko Des Moines mwaka 1965, akiwa na umri huohuo, kwa kuvaa kitambaa cheusi mkononi kupinga vita hivyo. Mahakama Kuu ya Marekani ikampa ushindi 1969. Atasema riwaya hizi huhubiri. Baadhi, naam, hilo ni kosa la kalamu, si la mada. Na anayetaka kijana akae mbali na vurugu akumbuke Chuo Kikuu cha Kent State, 4 Mei 1970: kati ya wanafunzi wanne waliouawa kwa risasi za askari, wawili hawakuwa wakiandamana.