Ugoro Umejificha Nyuma ya Ukoo

Huku kwetu Bashay, Mbulu, mtu akifa kwa kansa ya mdomo, hukumu hutolewa kabla matanga hayajaisha: "Ile ni ya ukoo wao." Babu aliondoka nayo, sasa kaondoka mwana, basi imo kwenye damu. Nimeisikia kauli hiyo msibani huku kopo la ugoro likipita mkono kwa mkono kati ya wasemaji. Hakuna aliyelitazama kopo.

Imani hii inaua, na nitaipinga hata mbele ya wazee ninaowaheshimu.

Sikatai kwamba damu hurithisha. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff, waliowapima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba wengi katika jamii zetu za wafugaji wana mabadiliko ya jeni, tofauti na yale ya Wazungu, yanayomwezesha mtu mzima kumeng'enya maziwa. Mbulu na Hanang, kwenye ng'ombe tangu enzi za mababu, jambo hilo halimshangazi mtu. Lakini jeni hiyo itamfaa nini asiyeonja maziwa maisha yake yote?

Kansa ya mdomo nayo, kwa sehemu kubwa, hungoja kitu kiingie kinywani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016, wa wagonjwa zaidi ya 6,000 wa saratani ya kinywa na koo huko Ulaya na Amerika, uligusa jeni zinazosimamia uvunjaji wa pombe mwilini. Pombe ikivunjwa hutoa asetaldehaidi, sumu inayojeruhi vinasaba vya seli. Kasi ya mwili wako kushughulika na pombe umezaliwa nayo. Pombe yenyewe umeinywa. Tena hakuna ukoo wa Mbulu uliopimwa humo, kwa hiyo anayetangaza msibani kuwa anajua damu ya jirani yake anasema asichokijua.

Tafiti 12 zilizounganishwa mwaka 2009 zilikuta kwamba mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani ya kichwa na shingo, ikiwemo ya kinywa, ana hatari mara 1.7 ya asiye na ndugu kama huyo. Akiwa pia mtumiaji wa tumbaku na pombe, hatari hufika mara 7 na zaidi, akilinganishwa na asiye na ndugu mgonjwa wala hatumii vitu hivyo. Hapo ndipo ukoo unapolemewa na kopo.

Na kopo lenyewe tunalijua. Tumbaku husagwa, ikachanganywa na magadi, na magadi hurahisisha nikotini kupenya ngozi laini ya ndani ya mdomo. Ndiyo maana watu husema umekolea. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka tumbaku isiyovutwa katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Bibi humwambia mjukuu, "Niletee kopo langu," mjukuu akaonja njiani. Huo nao ni urithi, na haupitii kwenye damu.

Nitajibiwa kwamba fulani amebwia ugoro hadi miaka tisini, mdomo mzima. Huenda damu yake ilimkinga. Wewe unayemfuata umejuaje kwamba kinga hiyo unayo?

Kinachoniumiza zaidi ni vijana wa nyumba zilizokwisha kuhukumiwa. Wachumba huwakimbia. Wao wenyewe wakiona kidonda kisichopona kwa wiki tatu, au baka jeupe au jekundu kwenye fizi, hukificha, kwa sababu "zamu imefika". Hufikishwa hospitali ya Haydom taya likiwa limevimba, wakati kidonda kile kingeonekana mapema kwa tochi na dakika chache za tabibu. Kijana aliyemzika baba yake kwa ugonjwa huu ana sababu kubwa kuliko jirani yake ya kuliacha kopo na kwenda kufungua mdomo mbele ya daktari, hata kama leo haumwi popote.