Mwanagenzi Peke Yake na Majina ya Watu Elfu Nne

Kila mwaka ikifika Mei, wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi huniandikia na swali lile lile: "Nimepata nafasi ya uanagenzi katika shirika kubwa la misaada. Niende, au nitafute kampuni ya programu?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo nataka kuwajibu wote kwa pamoja, na jibu ni refu kidogo kwa sababu lina aibu yangu ndani yake.

Mimi nilienda. Ilikuwa Oktoba 2021, miezi michache baada ya kumaliza digrii. Shirika sitalitaja. Ni kubwa, lina ofisi katika nchi nyingi, na magari yake meupe mmeyaona barabarani. Nilitoka Githurai alfajiri, nikabadilisha matatu mjini, nikafika ofisini kabla ya saa mbili. Posho ilitosha nauli na chakula cha mchana. Kodi ya nyumba alinilipia kaka yangu, ambaye ni fundi wa magari. Nyumbani tulikuwa tukicheka kwamba yeye ndiye mfadhili mkuu wa lile shirika.

Nilikuwa nimeonywa kwamba mwanagenzi hupewa kazi ya kupiga nakala na kuagiza chai. Laiti ingekuwa hivyo! Wiki ya pili tu nilikabidhiwa orodha ya watu.

Mnakumbuka hali ya wakati ule. Mvua ilikuwa imekosa misimu mfululizo, na mnamo Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Shirika letu lilikuwa likituma pesa kwa M-Pesa kwa kaya za Kaunti ya Kilifi, upande wa Ganze. Vijana wa nyanjani walipita vijijini na simu, wakajaza fomu za KoboToolbox, na fomu zikaja Nairobi: kaya elfu nne hivi, kila moja na jina la mwenye nyumba, kijiji, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu. Fomu nyingine zilikuwa zimetumwa mara mbili kwa sababu ya mtandao mbovu. Kazi yangu ilikuwa kuondoa zilizojirudia kabla orodha haijaenda kwa watu wa fedha.

Kwa mtu aliyesoma programu hiyo ni kazi ya dakika kumi. Nikaangalia safu wima za jedwali. Majina yalikuwa yameandikwa kila mtu kwa tahajia yake. Vitambulisho vingi havikujazwa. Nambari za simu ndizo zilizokuwa safi, tarakimu kumi, hazina mchezo. Nikaandika mstari mmoja wa Python: nambari ya simu ikijirudia, bakisha ya kwanza, futa nyingine. Mistari 312 ikaondoka. Nikafurahi. Msimamizi wangu, mama mwenye moyo mzuri aliyekuwa na ripoti za wafadhili watatu mezani, aliangalia jumla, akasema, "Asante mwanangu, umetuokoa," na orodha ikaenda.

Pesa zilipotumwa, afisa wetu wa nyanjani alinipigia simu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Kijana wangu," akasema, "hii orodha umeitoa wapi? Kuna kijiji hapa nimeandika nyumba tisa, imelipwa moja."

Nilimweleza kwamba nyumba zile tisa zilikuwa na nambari moja ya simu. Akanyamaza kidogo. "Ndiyo," akasema. "Ni simu ya mwenye duka. Hao ni akina mama wazee, hawana simu. Wengine hata kitambulisho hawana cha kusajili laini. Wewe ungeandika nambari gani?"

Tulipopitia ile 312 moja moja, zaidi ya theluthi moja zilikuwa kaya halisi. Watu walioshiriki simu ni wale wasioweza kununua simu, kwa hiyo mstari wangu ulikuwa umewachagua maskini zaidi na kuwatoa kwenye orodha ya maskini. Walilipwa baadaye, lakini zilipita wiki tano, kwa sababu orodha ikishaidhinishwa kuirekebisha kunahitaji sahihi nyingi. Wiki tano katika mwaka ule hazikuwa kitu kidogo. Sijui walikula nini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka kubishana na watu. Kosa lilikuwa langu. Lakini katika idara nzima hakuna mtu mwingine aliyejua kusoma Python. Hakuna aliyeombwa aitazame ile skripti, kwa sababu hakukuwa na wa kumwomba. Katika kampuni ya programu niliyoenda baadaye, siku ya kwanza niliambiwa siwezi kubadilisha hata rangi ya kitufe bila mwenzangu mmoja kupitia msimbo wangu. Kitufe! Na kule kwenye misaada, kijana wa miezi miwili nje ya chuo alikuwa na uwezo wa kumwondoa mtu kwenye orodha ya chakula kwa mstari mmoja, peke yake, saa tano ya asubuhi.

Watu hulalamika kwamba mashirika haya yanawapa wanagenzi kazi za kipuuzi. Mimi malalamiko yangu ni kinyume. Yanawapa kazi nzito mno, kwa posho ya nauli, kisha yanawaacha nayo.

Na si hesabu tu. Faili ile ilikaa kwenye kipakatalishi changu mwenyewe, kwa sababu mwanagenzi hakupewa mashine ya ofisi. Majina, vitambulisho, simu, idadi ya watoto, nani mjane, nani mlemavu. Nilikuwa nikiibeba kwenye matatu ya Githurai, mkoba umekumbatiwa kifuani. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva zenye data za watu zaidi ya 515,000, watu waliotengana na jamaa zao kwa vita, uhamaji na majanga. Baadaye kamati ilieleza waziwazi kwamba wadukuzi walipitia kasoro ya programu ambayo haikuwa imezibwa. Niliisoma habari ile nikiwa kitandani, faili ya Kilifi iko mezani hatua mbili kutoka nilipolala. Ikiwa shirika lenye wataalamu wa usalama linaweza kuingiliwa, mkoba wangu ulikuwa na ulinzi gani? Kenya tayari tulikuwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Inamtaka anayeshika data za watu azilinde, na zikivuja kwa namna ya kuwatia hatarini atoe taarifa kwa Kamishna ndani ya saa 72. Ofisini kwetu sheria hiyo ilikuwa bango ukutani.

Mkataba wangu uliisha Machi 2022. Wiki tatu baadaye wakanipigia: fomu imebadilishwa, skripti imekwama, malipo ni Ijumaa. Nilikaa jioni mbili nikaitengeneza bure, nikifikiria wale akina mama tisa. Ili kuitengeneza nilihitaji kuingia kwenye akaunti. Nenosiri langu la zamani lilikuwa bado linafungua.

Najua majibu ya upande wa pili, maana nimeyasikia. La kwanza ni kwamba wafadhili hawapendi kulipia "gharama za uendeshaji", wanataka pesa zifike kwa mlengwa. Ni kweli. Na hali imezidi kuwa ngumu tangu Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, na USAID ikafungwa rasmi Julai mwaka huo. Wafanyakazi wengi wamepunguzwa na kazi haikupungua. Lakini gharama ya mtu wa pili wa kupitia msimbo haikufutika kwa kuwa haikuandikwa kwenye bajeti. Ililipwa Ganze, kwa wiki tano.

La pili ni kwamba uanagenzi ni mafunzo, na mtu hujifunza kwa kukosea. Hili pia nalikubali. Nilijifunza kule kuliko nilivyojifunza miaka minne chuoni. Nilijifunza kutofuta kabisa: unatia alama palipo na shaka, unarudisha kwa watu wa nyanjani, orodha inasomwa kwa sauti kwenye baraza la kijiji, na wanakijiji wenyewe wanasema nani amerukwa. Baraza lile lingenasa kosa langu kwa dakika mbili. Lakini chombo cha kujifunzia kisiwe sahani ya mtu mwingine. Daktari mwanagenzi hukosea akiwa na mkubwa wake pembeni.

Kwa hiyo, mwanafunzi unayeniuliza: nenda. Sijuti kwenda. Ila kabla ya kutia sahihi, uliza maswali haya manne, na uyaulize kwa adabu:

1. Nani atapitia msimbo wangu, na je, anajua kuusoma?
2. Nitatumia mashine ya nani, na data za watu zitakaa wapi?
3. Nikiondoka, nani ataibeba kazi hii, na akaunti zangu zitafungwa siku gani?
4. Posho inatosha nini? Kama haikufikishi mwisho wa mwezi, fahamu kwamba nafasi hiyo imewekewa watu wenye kaka fundi.

Wakikosa jibu la swali la kwanza, omba ufanye kazi kwa data za majaribio tu, na usiguse orodha halisi. Watakuona mwoga. Kubali kuonwa mwoga.

Na ninyi wakubwa wa mashirika, najua baadhi yenu mnasoma hapa: siku mwanagenzi atakapowaletea orodha iliyopungua kwa mistari 312, msimwambie amewaokoa. Mwulizeni ni akina nani hao 312.

Haya, nimesema yangu. Waliopitia njia hii kabla yangu, nisahihisheni.