Kineno Kidogo, Maana Mpya

Tangu 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali. Katika sekondari Kiingereza hushika nafasi hiyo. Hapo ndipo kijana wa Bukoba au Muleba, aliyekulia kibanjani, hukwama. Swali likimtaka "carry out an experiment", hufikiri kubeba kitu na kukipeleka nje; kumbe aambiwa afanye jaribio. Akiulizwa majani ya mgomba "give off" hewa gani juani, hunyamaza, ingawa oksijeni aijua.

Upungufu huo si wa akili, bali ni wa mazoea ya kutafsiri neno kwa neno. Kitenzi cha Kiingereza kikiungana na kineno kidogo huweza kuzaa maana mpya: "look" ni tazama, lakini "look for" ni tafuta, na "look after" ni tunza.

Jambo hili si geni kwetu. Kiswahili, kama Kihaya, hugeuza kitenzi kwa mkia wake. Kuona si kuonea. Wala mtoto hakujifunza "onea" kwa kuichambua "ona", bali aliisikia ikitumika.

Hapana budi, basi, vitenzi hivyo vifundishwe kama neno zima, ndani ya sentensi za kazi na maisha, si kwa orodha za kukaririwa. Walimu wa sayansi nao wasimwachie mwalimu wa Kiingereza mzigo huo peke yake. Ni hasara kwa taifa kumpoteza mtaalamu wa kesho kwa sababu ya kineno cha herufi 3.