Ukumbi wa Wanafunzi: Kijana Kaenda Kusoma, Hakwenda Kuvuna

Mwaka jana niliahidi kwamba safari hii ukumbi huu utaeleza namna ya kumleta kijana kusoma Australia. Barua zenu zote zimeuliza jambo moja: mlango uko wapi? Mlango nitauonyesha. Lakini kwanza sina budi kukiri kosa langu, maana mwenye kuelekeza njia yafaa aseme na mahali alipojikwaa.

Kensington ninakokaa ni kitongoji cha kusini-mashariki mwa Sydney. Hapa ndipo kilipo Chuo Kikuu cha New South Wales, kilichoanzishwa mwaka 1949 na kujengwa penye uwanja wa zamani wa mbio za farasi. Tangu 2020 tramu hupita mbele yake, barabara ya Anzac Parade, na kila asubuhi huwaona vijana wa mataifa mengi wakishuka na kupanda kilima na mabegi mgongoni. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu wa Tanga, alipopanga chumba kitongoji hiki, nilijiona mjomba mwenye bahati.

Wazee wetu wakisikia mtu anasoma ng'ambo hukumbuka enzi zao. Mwaka 1960 nchi za Jumuiya ya Madola ziliweka mpango maalumu wa kuisaidia Afrika, na Australia ikatoa nafasi za masomo. Mwaka 1974 serikali ya Gough Whitlam ikafuta ada za vyuo vikuu, na wageni nao wakanufaika. Enzi hizo zimepita. Tangu 1980 mgeni alianza kutozwa, na tangu 1990 mgeni mpya asiye na ufadhili hulipa ada kamili.

Hesabu za mlangoni ni hizi, kwa dola za Australia. Ombi la viza ya mwanafunzi ni dola 2,000 tangu Julai 2025, na ukinyimwa viza fedha hizo hazirudi. Tangu Mei 2024, mwombaji huonyesha dola 29,710 za kujikimu mwaka mmoja, mbali na ada na nauli. Tena hapana budi awe na bima ya afya ya muda wote wa viza. Kwa ajili ya hesabu hizo sisi tuliuza shamba la minazi la marehemu baba kule Pangani, na jamaa wa Maskati wakajazia pengo.

Sasa kosa langu. Siku ya kumuaga kijana niliwapigia simu, ukoo mzima ukiwa umekusanyika uani, nikasema, "Msihofu, huku kazi zipo." Nilitaka kumtuliza dada. Lakini kila aliyekuwa pale alisikia kwamba mfereji umefunguliwa.

Hayakupita majuma sita maombi yakaanza. Bati za nyumba ya mama. Ada ya binamu. Mchango wa msiba, kisha wa harusi. Kila ombi peke yake lilikuwa dogo na la haki, na kijana tuliyemlea kwa adabu hakujua kusema hapana. Akatafuta kazi ya usiku katika bohari, kupanga maboksi. Sheria, tangu Julai 2023, inamruhusu mwanafunzi wa kigeni saa 48 kwa kila majuma mawili wakati masomo yakiendelea. Likizo hana kikomo. Yeye alikuwa akipita saa hizo. Binamu yake aliyesoma mwaka 2022, ambapo kikomo kilikuwa kimeondolewa kwa muda, alimwambia hakuna anayehesabu. Kumbe wanahesabu, na adhabu yaweza kuwa kufutiwa viza.

Huku mihula mingine ni majuma 10 tu ya masomo. Ukisinzia majuma mawili, moja ya tano ya muhula imekwenda. Kijana alifeli masomo mawili muhula wa kwanza, na mawili tena muhula uliofuata. Nyumbani alisema, "Alhamdulillahi, yanakwenda." Mimi, niliyekaa mwendo wa dakika kumi kutoka chumbani kwake, niliambiwa hivyo hivyo nikaamini.

Nilijua siku alipokuja kunikopa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umekonda hivi?"

Akanieleza yote akitazama sakafu. Rafiki kamshauri aache shahada, ahamie chuo cha binafsi cha ada nafuu ambako, kwa maneno yake, hakuna anayeuliza. Alitaka fedha ya malipo ya kwanza.

Ndugu zangu, siwakashifu watu wa vyuo vya binafsi. Vipo vizuri, vinavyofundisha upishi, ufundi na uuguzi, na kwa kijana mwingine ndiyo njia bora. Lakini yajueni haya. Chuo chochote kinachompokea mwenye viza ya mwanafunzi lazima kiwe katika rejista ya serikali iitwayo CRICOS. Litafuteni jina lake humo kabla ya kulipa senti. Katika miezi sita ya kwanza ya kozi kuu, kwa kawaida mwanafunzi hahami bila kuruhusiwa na chuo chake. Anayeshuka kutoka shahada kwenda stashahada aghalabu huhitaji viza mpya, na ombi jipya hulipiwa upya. Chuo kikifungwa, upo mfuko wa kuwalinda wanafunzi ulioanzishwa 2012: humtafutia nafasi kwingine au kumrudishia ada ya masomo ambayo hayakutolewa. Lakini haulipii uamuzi uliofanywa kwa hofu.

Sikumpa mkopo. Asubuhi tulikwenda pamoja kwa washauri wa wanafunzi, ambako angeweza kwenda tangu muhula wa kwanza bila gharama. Wakampangia njia: kurudia masomo, kwa kuyalipia tena, na kumaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

Jioni hiyo, saa kumi na moja kwetu, saa nne asubuhi Tanga, nikapiga simu. Nikasema kosa ni langu. Kaka wa Maskati aling'aka kwamba shamba la baba limekwenda na maji, na sikuwa na la kumjibu. Kisha dada akasema polepole, "Mbona hukuniambia, mwanangu? Bati zingengoja." Kijana akalia. Hakuwa amelia tangu afike.

Ukoo wetu umekubaliana mambo matatu, nanyi mkipenda yachukueni. Mwaka wa kwanza, asiombwe mwanafunzi hata shilingi. Mwenye shida na amwambie mtu mzima. Kila mwisho wa muhula, kijana atasoma matokeo yake kwenye simu mbele ya wote, mazuri na mabaya, na hakuna atakayemkaripia kwa kusema kweli. Na jamaa aliye karibu naye asiulize tu "masomo yaendaje?" Amwulize, "Umelala saa ngapi? Umekula nini?" Majibu ya maswali hayo ni magumu kuyapamba.

Ninapoandika, kijana amerudia masomo mawili na kufaulu, mawili bado. Hufanya kazi siku za Jumamosi na Jumapili tu. Nyumba ya dada imeezekwa nusu, na mvua za masika ziliingia jikoni. Anasema ndoo zipo.

Mwenye binti au kijana anayejiandaa na aniandikie kupitia kwa mhariri. Nitajibu. Ila sitasema tena kwamba kazi zipo.

Tukutane mwakani, inshallah.