Kijana Anayetaka Kazi ya Kufundisha Mazoezi ya Mwili

Jioni moja kijana wa kanisa letu alinijia, akasema: "Baba munganga, ninataka kuacha kazi ya dukani, niwe mwalimu wa mazoezi ya mwili. Watu wa mji wanatafuta mtu wa kuwafundisha, na wanalipa. Unawaza nini?"

Nilimtazama. Mikono yake ni minene, kifua chake ni kipana. Nikamwuliza: "Mama wa miaka hamsini akija kwako siku ya kwanza, utamwambia nini?" Akajibu: "Nitamwambia aruke mara mia." Nikasema: "Basi, mwanangu, hujawa tayari bado."

Ndugu msomaji, sisemi kwamba kazi hii ni mbaya. Wengine kanisani wanafikiri ni upuzi wa watu wanaojipenda. Lakini Paulo alipomwandikia Timoteo hakusema kwamba mazoezi ya mwili hayana faida hata kidogo. Alisema faida yake ni ndogo kuliko faida ya utauwa. Na sisi wa hospitali tunaiona faida hiyo kila siku. Mama wa kijijini anatembea mpaka shambani, anarudi na kuni na maji. Lakini mtu wa mjini anakaa ofisini, anapanda pikipiki mpaka mlangoni pake, jioni anakaa tena. Ndipo tansio inapanda, na sukari katika damu inapanda.

Jambo hili limepimwa sawasawa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alitangaza habari za wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa na orofa. Dereva alikaa siku nzima, lakini mkata tiketi alipanda na kushuka ngazi. Wakata tiketi walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Na mwaka 2020 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mtu mzima autumikishe mwili dakika 150 mpaka 300 kila juma, kama kwa kutembea upesi. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku tano.

Basi kazi ipo, na inafaa. Lakini mwili wa mwingine si mwili wako. Tulimpokea mama mmoja ambaye mwalimu wake alimwamuru kukimbia na kuruka tangu siku ya kwanza, pasipo kumwuliza neno. Mama alianguka. Tulipompima, tansio yake ilikuwa 210 kwa 120. Hakufa, lakini mkono wake wa kuume hauna nguvu mpaka leo. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nguvu nyingi, lakini hakuwa na elimu.

Kwa hiyo, kijana unayetaka kazi hii, shika mambo haya manne:

1. Uliza kwanza. Je, una tansio? Una sukari? Kifua kinauma ukipanda kilima? Una mimba? Una homa leo? Mwenye homa apumzike. Mwenye tansio ya 180 kwa 110 au zaidi aende hospitalini kwanza. Mwenye sukari anayejipiga sindano ya insulini awe na kitu kitamu karibu, maana mazoezi yanashusha sukari. Na avae viatu vizuri, kwa sababu miguu yake inaweza kuumia naye asisikie. Mwenye ugonjwa wa damu unaoitwa SS asisukumwe kwa nguvu, anywe maji, apumzike mara nyingi.

2. Anza na kidogo. Mtu aliyekaa miaka kumi hawezi kuwa askari kwa siku mbili. Atembee, juma lingine atembee zaidi. Akisikia kifua kinabana au kizunguzungu, aache mara moja.

3. Usiuze sindano wala vidonge vya kukuza misuli. Dawa hizo zinaweza kuharibu moyo na ini, na kumzuia mwanaume kupata watoto. Na sindano moja ikitumiwa na watu wawili, inaweza kuleta SIDA.

4. Soma. Misuli yako si diploma. Yako masomo ya kinesiterapi, kama katika ISTM ya Kinshasa, ambayo yanafundisha namna ya kuwarudishia nguvu waliovunjika na waliopooza. Kama huwezi kusoma miaka hiyo, jifunze hata hivi: kupima tansio, kuhesabu mapigo ya moyo, na kumsaidia aliyezimia.

Tena usiiache kazi ya dukani upesi. Anayefundisha mazoezi analipwa na wanafunzi wake. Wasipokuja, hapati kitu. Anza asubuhi mbele ya kufungua duka, na watu watano. Ukiwatunza vema mwaka mzima, utajua kama kazi hii ni yako.

Nawe mgonjwa unayetaka kwenda kwa mwalimu wa namna hii, sikia neno langu. Asipokuuliza habari za ugonjwa wako, mwambie wewe mwenyewe. Akisikiliza, kaa naye. Akicheka, shika njia urudi nyumbani; kutembea huko kutakufaa kuliko mafundisho yake.