Chombo Kiendacho Juu ya Hewa

Wako watu wasemao kwamba kazi ya shule ni kusoma, kuandika na kuhesabu tu, na kwamba mwanafunzi aonekanaye na msumeno mkononi saa ya masomo anapoteza ada ya baba yake. Wako na wengine wapendao kazi za mikono, lakini kwa ajili ya maonyesho tu: siku ya wazazi kitu kizuri kiwekwe mezani, watu wapige makofi, mambo yaishe. Makundi hayo yote mawili yamekosea. Kosa lao laonekana wazi katika kazi moja ambayo walimu wengi wa Marekani na Uingereza huwapa wanafunzi wao, nayo ni kuunda hovakrafti ndogo na kuijaribu.

Hovakrafti ni chombo kisichogusa nchi wala maji kiendapo. Mashine yake husukuma hewa chini ya tumbo la chombo, na hewa hiyo, kwa kuwa imezuiliwa isitoke upesi, huwa kama takia la kukiinua.

Aliyekibuni ni Mwingereza mmoja, Christopher Cockerell, mhandisi aliyekuwa akiunda mashua. Alitafuta njia ya kupunguza msuguano wa maji, ambao huichelewesha mashua. Mwaka 1955 alitwaa makopo mawili, moja la chakula cha paka na moja la kahawa, akalitia dogo ndani ya kubwa. Akapuliza hewa ipite katika nafasi nyembamba iliyobaki kati yao, kisha akapima nguvu ya hewa hiyo kwa mizani ya jikoni. Akaona kwamba hewa itokayo katika duara ile nyembamba husukuma kwa nguvu zaidi kuliko itokayo katika kopo moja tupu. Tarehe 25 Julai 1959 chombo kiitwacho SR.N1, kilichoundwa kwa maarifa hayo, kilivuka bahari kutoka Calais, Ufaransa, mpaka Dover, Uingereza, kwa muda wa saa 2 hivi, na Cockerell mwenyewe alikuwamo. Tangu mwaka 1968 mpaka 2000 vyombo vikubwa vya namna hiyo vilichukua abiria na magari katika bahari ile ile.

Jambo la kuangaliwa hapo si makopo, ila mizani. Kama mtu yule angalipuliza makopo yake na kushangilia tu, angalikuwa na mchezo wa jikoni. Kwa kuwa alipima, alikuwa na elimu.

Wanafunzi waundapo chombo chao hawana haja ya kiwanda. Hukata ubao mwembamba wa mviringo, wenye upana wa sentimita 120 hivi. Chini yake huweka karatasi nene ya plastiki, na kingo zake huzikunja na kuzikaza juu ya ubao. Kisha katikati ya karatasi hiyo hukaza kisahani, na kukizunguka hutoboa matundu machache ya kutolea hewa. Katika ubao wenyewe huacha tundu moja, nalo hutiwa mdomo wa mashine ya upepo, ile itumiwayo kufagia majani makavu. Mtoto mmoja huketi juu, na mashine huwashwa.

Wengi hustaajabu kwamba upepo waweza kumwinua mtu. Hesabu huondoa ajabu hiyo. Eneo la duara yenye upana wa sentimita 120 ni 60 mara 60 mara 3.14, yaani sentimita za mraba 11,304. Ikiwa mtoto, ubao na mashine vina uzito wa kilo 55 pamoja, na takia la hewa limeenea chini ya ubao wote, basi kila sentimita ya mraba yabeba gramu 5 kasoro kidogo. Hewa haikufanya mwujiza, mzigo umegawanywa. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ya duara bila kujua faida yake, hapo huiona ikimbeba.

Lakini mara nyingi siku ya kwanza chombo hakiendi. Mtoto ameketi mbele mno, ubao umeinama, hewa yatoka yote upande wa nyuma, na upande wa mbele wakwaruza sakafu. Au sakafu ina mashimo, hewa ikapotea. Au karatasi imepasuka. Hapo ndipo somo lenyewe lianzapo, na hapo ndipo liharibiwapo. Mwalimu mwenye haraka hutwaa nyundo akatengeneza mwenyewe, kwa maana wageni wanakuja kesho. Wanafunzi nao, kwa kuona haya, huandika katika daftari kwamba chombo kilikwenda vema, hali hakikwenda. Uongo huo ni mbaya kuliko karatasi iliyopasuka. Karatasi huzibwa kwa dakika moja. Bali mtu aliyezoea kuandika asiloliona, akiwa mganga au mhandisi au mtunza ghala, wengine ndio watakaolipa gharama yake.

Wahenga walisema, Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Basi yafaa wanafunzi waandike kosa kama lilivyo, kisha wabadili jambo moja tu na kujaribu tena. Wakihamisha kiti na kuongeza matundu kwa mara moja, chombo kikaenda, hawatajua ni lipi lililosaidia. Tena yafaa mwalimu atoe alama kwa daftari, si kwa chombo. Aliyeandika majaribio matano yaliyoshindwa, na sababu ya kila moja, amejifunza kuliko aliyepata bahati siku ya kwanza.

Wengine watasema, Mtihani u karibu, na mashine ya upepo haipatikani. Neno hilo lina haki yake, wala haisemwi kwamba vitabu viachwe. Lakini somo hili halidai fedha nyingi. Sahani kuukuu ya muziki, ile nyembamba ya CD, kizibo cha chupa chenye tundu, gundi na puto vyatosha. Kizibo hugandishwa juu ya tundu la sahani, puto lililojazwa hewa huvikwa juu yake, na sahani huteleza mezani. Hapo mwanafunzi aweza kupima kwa rula imekwenda umbali gani juu ya meza laini, na umbali gani juu ya mkeka, mara tatu kila mahali.

Akiandika hesabu zake zote, hata zile zisizompendeza, amefanya kazi ile ile aliyoifanya Cockerell kwa makopo na mizani.