Mchezaji akistaafu hajafa: Masisi isitupe walimu wake

KIBABI, Masisi – Kuna desturi mbaya katika michezo ya Kivu ya Kaskazini, na ni wakati isemwe wazi. Kijana akicheza vizuri, anabebwa mabegani. Akiumia goti au umri ukimpita, anatupwa kama makapi ya muwa. Hakuna anayemwuliza: haya unayoyajua utamwachia nani?

Majirani wameonyesha njia nyingine. Steve Tikolo wa Kenya alicheza kriketi, mchezo wa gongo na mpira mgumu ambao wengi hapa hawajawahi kuuona. Mwaka 1996 alikuwa uwanjani Kenya ilipoishinda West Indies katika Kombe la Dunia. Mwaka 2003, akiwa kapteni, aliifikisha nchi yake nusu fainali. Baada ya Kombe la Dunia la 2011 aliaga, lakini hakukaa nyumbani kusimulia ya zamani. Aliingia kazi ya kufundisha. Uganda ilimwita, na mwaka 2018, akiwa kocha, ilishinda mashindano ya daraja la 4 ya dunia kule Malaysia. Baadaye Tanzania nayo ilimkabidhi timu yake ya taifa. Miguu ilichoka, lakini ujuzi ulivuka mipaka.

Na Kongo? Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974 kule Misri, na Zaire ikachukua kombe. Hadi leo hakuna aliyefunga mengi hivyo katika shindano moja. Mwaka 1994 watu wenye silaha walimpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi kwa taabu ugenini, akafa huko mwaka 2019. Mtu wa namna hiyo angefaa kulea washambuliaji wa kizazi kizima. Nchi yake ilimwacha awe mkimbizi.

Wako wanaosema: watu wana njaa, wamelala chini ya maturubai, habari ya makocha ni ya nini? Chakula ni cha kwanza, hakuna anayebisha. Lakini mtoto aliyehama vita, asiye na shule wala shamba, hakai bila kungojwa na mtu. Asipongojwa kiwanjani na mwalimu, atangojwa njiani na mwenye bunduki, au atashuka shimoni kuchimba koltani. Wazazi wa Masisi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Wengine wanadhani kusaidia michezo ni kuleta jezi, kupiga picha na kupanda gari. Jezi huchakaa na mpira hupasuka. Mwalimu hubaki. Tena ujuzi ndio mali ambayo vita haviwezi kuipora: familia ikikimbia usiku, ng'ombe na mahindi yanabaki, lakini aliyecheza mpira miaka 15 anakimbia nao kichwani.

Basi mashefu, kamati za waliohama na mashirika waanze na jambo dogo. Waandike majina ya waliowahi kucheza, wanaume na wanawake, kila mahali watu walipokimbilia. Shirikisho la mpira liwape mafunzo ya ukocha. Wapewe filimbi, saa za kiwanja na malipo hata kidogo, na wasichana nao wapate zamu yao. Msikilizaji naye amuulize kiongozi atakayekuja na jezi: mwalimu yuko wapi?